Kama mwanakondoo aliwekewa peismeka akiwa tumboni, mbona watoto wetu bado wanasubiri kuzaliwa?

Swali: "Habari daktari, samahani kwa usumbufu. Mdogo wangu wa kike ana zile kingamwili za Ro. Mtoto wake wa kwanza moyo ulianza kupiga taratibu akiwa bado tumboni, mapigo 54 kwa dakika, tukaambiwa tungoje tu mpaka azaliwe, akazaliwa akawekewa peismeka, kile kifaa cha umeme cha kupigisha moyo, na mpaka leo yuko hai tunamshukuru Mungu. Sasa mdogo wangu ana mimba nyingine, wiki ya 13. Mimi katika kusomasoma nimekuta kwamba kondoo walishawekewa peismeka wakiwa tumboni mwa mama zao tangu miaka ya themanini na mapigo yakarudi. Kama kwa kondoo iliwezekana muda wote huo, mbona kwa binadamu tunaambiwa tusubiri? Ni hela, ni uoga, au ni nini?"

Jibu:

Dada yangu, hujasumbua hata kidogo, na nitakujibu kwa urefu manake hili ni swali ambalo hata sisi tunaoshughulika na mioyo ya watoto tunajiuliza kila tunapokaa na mama kwenye chumba cha ultrasaundi tukaona vyumba vya juu vya moyo vinakimbia 140 halafu vya chini vinajikongoja 50. Hela sio sababu kubwa, na uoga sio neno lake. Kondoo alijibu swali moja, tena alilijibu vizuri sana: moyo wa mtoto aliye tumboni ukipewa umeme kutoka nje unaitika na damu inaanza kutembea tena. Ila kuna maswali mengine ambayo kondoo kwa maumbile yake hawezi kutujibia, na hayo ndo yametukwamisha.

Kwanza tuelewane nini kinaharibika. Amri ya moyo kupiga inazaliwa juu, kwenye chumba cha juu cha kulia, inapita kwenye kituo kidogo katikati ya moyo, pale inacheleweshwa kidogo ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu, ndo inashuka vyumba vya chini. Kwa mtoto wenu wa kwanza hizo kingamwili za Ro za mama, yaani kinga ya mwili inayokosea ikashambulia mwili wenyewe, zilivuka kondo la nyuma zikaenda kukishambulia hicho kituo, kikavimba, kikaishia kuwa kovu, na kovu halipitishi umeme, hiyo ndo tunaiita bloku. Juu amri zinatoka kama kawaida ila chini hazifiki, basi vyumba vya chini vinajipigia vyenyewe kwa mwendo wao wa dharura, 60, 50, saa nyingine 45. Inatokea kwa kama mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa hai. Mama mwenye Ro ambaye hajawahi kupata mtoto wa hivyo uwezekano wake ni asilimia 1 hadi 2, ila aliyeshapata mmoja kama mdogo wako unapanda hadi karibu 16 au 18.

Sasa kwa nini 50 iwe hatari wakati kuna wanariadha wanaishi na 50 na wako vizuri tu? Kwa sababu moyo wa mwanariadha ukipiga taratibu unatanuka, unajaza damu nyingi, unasukuma nyingi kwa kila pigo. Moyo wa mtoto tumboni haujafika huko, misuli yake bado michanga na migumu, haitanuki sana. Piga hesabu mwenyewe: kutoka mapigo 140 kwenda 55, ili damu inayosukumwa kwa dakika isipungue kila pigo linatakiwa libebe zaidi ya mara 2 na nusu ya lilichokuwa linabeba. Unajitahidi, unatanuka kidogo, alafu unafika mwisho wake. Damu inaanza kurundikana nyuma kwenye mishipa inayorudi moyoni, presha ya mishipa hiyo inapanda, na mishipa midogo ya mtoto tumboni inavujisha maji kwa urahisi sana, na yale maji yanayovuja yalitakiwa yarudishwe kwenye mishipa hiyohiyo ya damu ambayo saa hiyo presha yake iko juu kwa hiyo nayo yanagoma kurudi. Ongezea na hili: vyumba vya juu bado vinapiga 140 bila kujua habari za chini, kwa hiyo mara nyingi vinajikamua wakati milango ya kushuka chini imefungwa, na kila pigo la namna hiyo linarudisha wimbi la damu nyuma kwenye mishipa. Matokeo yake maji yanajaa tumboni mwa mtoto, kifuani, kuzunguka moyo, chini ya ngozi, mpaka kondo lenyewe linavimba. Hiyo ndo haidropsi, na mtoto mwenye mapigo chini ya 55 alafu akapata na haidropsi ndo tunayemhofia kuliko wote.

Sasa njoo kwa kondoo. Kwa nini kondoo na sio panya? Mimba yake inakaa siku 147 hivi, mara nyingi anabeba mtoto mmoja au wawili, mtoto ana ukubwa ambao mikono ya mtu inaweza kufanya kazi, na kikubwa kuliko vyote ni mji wake wa mimba, una uvumilivu wa ajabu. Unaweza kuufungua, ukamfanyia mwanakondoo upasuaji, ukamrudisha, ukafunga, na mama yake akaendelea kubeba mimba kwa wiki kadhaa. Mengi tunayoyajua kuhusu damu inavyotembea kwa mtoto ambaye hajazaliwa tuliyapata kwa mnyama huyu, na nasema hivi kwa heshima kabisa.

Ngoja nikuonyeshe operesheni yenyewe inavyokuwa, manake maneno "alitengenezewa bloku" yanapita haraka sana kwenye maandishi. Mama kondoo amelala kwenye dawa ya usingizi, tumbo limefunguliwa, mji wa mimba umekatwa sehemu ndogo, unatolewa mkono wa mbele wa mwanakondoo na ubavu wake, kichwa kinabaki ndani ya maji yake ya uzazi ili asije akavuta hewa kabla ya wakati. Kifua kinafunguliwa kati ya mbavu. Kile kituo cha katikati kinaunguzwa au kinagandishwa kwa baridi kali. Na hapo jicho la kila mtu linahamia kwenye skrini. Kabla ya hapo mistari miwili, wa juu na wa chini, ilikuwa inatembea pamoja kama watu walioshikana mikono, ghafla inaachana, mmoja unaendelea na kasi yake, mwingine unasimama, unakaa kimya, unakaa, alafu linakuja pigo moja pana lenye uvivu. Moyo unaonekana kwa macho kabisa unavyovimba kati ya pigo na pigo. Kisha waya mwembamba uliokwisha kushonwa kwenye ukuta wa chumba cha chini unawashwa, na moyo unakamata kuanzia pigo la kwanza.

Kazi za namna hiyo kwa kondoo na hata kwa mbuzi zilifanyika sana miaka ya themanini na tisini. Mwaka 1990 timu ya upasuaji wa watoto walio tumboni ya San Francisco, kule Marekani, ilichapisha jinsi ya kutengeneza bloku kamili kwa wanakondoo na mwili unavyoitikia papo hapo: damu inayosukumwa ilishuka, na vyumba vya chini vilipopigishwa kwa umeme ikapanda tena. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba mwanakondoo akiachwa na bloku hiyo anaingia haidropsi, yaani mapigo taratibu peke yake, bila ugonjwa mwingine wowote, yanatosha kumjaza mtoto maji. Kwangu hilo la pili ndo muhimu zaidi, manake kabla ya hapo ungeweza kubishana kwamba labda watoto wanavimba kwa sababu ya kingamwili tu, mapigo ni dalili. Kondoo alimaliza ubishi huo. Baadaye wakaenda mbele zaidi, wakaacha peismeka ikifanya kazi kwa siku nyingi ndani ya mimba inayoendelea, na moyo ukaendelea kuitika.

Kwa hiyo naelewa kabisa uliposoma ukajiuliza, sasa tatizo liko wapi.

Tatizo la kwanza ni kwamba kondoo hawezi kuugua ugonjwa wa mtoto wenu. Kondo la kondoo halipitishi kingamwili za mama kwenda kwa mtoto, ndo maana mwanakondoo anazaliwa bila kinga hiyo na lazima anyonye dang'a haraka ili aipate. Wa binadamu anapewa kingamwili za mama akiwa tumboni, nzuri na mbaya. Kwa hiyo mwanakondoo wa maabara ni mtoto mwenye afya kamili aliyeharibiwa kituo kimoja tu siku moja mchana, msuli wake wote uliobaki ni mzima. Mtoto wa binadamu mwenye Ro anaweza kuwa na uvimbe kwenye msuli wenyewe, au ukuta wa ndani wa moyo umeshaota kovu jeupe gumu, na huyo ukimrudishia mapigo 130 umempa kasi lakini hujampa nguvu ya kukamua. Wanaotafiti kingamwili zenyewe wanatumia sungura na panya, na hao nao wana shida ya kinyume, panya wengi wanaishia kucheleweshwa umeme tu bila kufika bloku kamili. Hamna mnyama mmoja anayebeba ugonjwa wote na tiba yote kwa pamoja.

La pili ni ukubwa, na hili watu wanalidharau. Wanakondoo wengi kwenye hizi kazi wako kwenye siku ya 110 hadi 120 hivi ya mimba, uzito unacheza kwenye kilo 2. Mtoto wa binadamu bloku inampata mara nyingi kati ya wiki ya 18 na 24, wiki ya 22 ana kama nusu kilo tu, na moyo wake hauzidi sana punje ya zabibu. Unashona wapi waya hapo?

La tatu ndo kubwa kuliko yote kwa maoni yangu, mji wa mimba. Ule uvumilivu wa kondoo niliousifia hapo juu binadamu hana. Mji wa mimba wa mwanamke ukiukata unakasirika, unaanza kubana, uchungu unakuja kabla ya wakati, chupa inapasuka, na mtoto anazaliwa njiti wa wiki 24 mwenye moyo mbovu na mapafu ambayo hayajakomaa, yaani umembadilishia shida moja kwa mbili. Na mama naye ana kovu kwenye mji wake wa mimba ambalo anaenda nalo kwenye mimba zote zinazofuata. Kondoo anakuambia moyo wa mtoto utavumilia nini. Mwili wa mama ni habari nyingine kabisa.

Basi watu wakasema, tusikate, tupite kwa sindano. Na kwa kweli binadamu hawakusubiri kondoo wamalize, mwaka 1986 timu moja Houston ilichapisha habari ya mtoto mwenye bloku kamili na haidropsi ambaye walipitisha waya kwa sindano kupitia tumbo la mama, kupitia kifua cha mtoto, mpaka ndani ya chumba cha chini cha moyo. Moyo ulikamata. Mtoto hakupona, alishakuwa amechoka sana. Wengine walijaribu baada ya hapo, kwa sindano na kwa kufungua, hadithi ikawa inafanana fanana: umeme unaitikiwa, mtoto anapotea. Ukiziangalia kesi hizo utaona karibu wote walipelekwa wakiwa wameshavimba, manake hakuna daktari mwenye dhamiri angeingiza waya kwenye moyo wa mtoto ambaye bado anajiweza. Mwanakondoo yeye aliwashiwa umeme dakika chache au siku chache baada ya bloku. Hiyo tofauti ya muda peke yake inatosha kueleza mengi.

Na waya wenyewe una kesi yake. Fikiria waya unaotoka kwenye moyo wa mtoto, unapita maji ya uzazi, unatoboa mji wa mimba, unatoka kwenye ngozi ya mama kwenda kwenye boksi la nje. Mtoto anageuka, anapiga teke, anashika chochote kinachopita mbele ya kiganja chake, ushaona kwenye ultrasaundi wanavyocheza na kamba ya kitovu. Anauvuta, unachomoka. Au unajizungusha kwenye kitovu. Na pale unapotokea kwenye ngozi ni mlango wa vijidudu kuingia. Kwa hiyo ikaeleweka kwamba chochote kitakachowekwa lazima kiingie chote ndani ya mtoto, kisiache mkia nje.

Hapo ndo ikaja kazi ambayo mimi binafsi naifuatilia kwa moyo wote, ya timu ya Los Angeles, madaktari wa moyo wa watoto pamoja na wahandisi, waliotengeneza peismeka ndogo inayoingia yote kwenye mrija wa sindano wenye upana wa ndani wa milimita 3.3. Ncha yake imepindwa kama kizibuo cha chupa, unaizungusha inajiskrubu kwenye msuli wa moyo, alafu unatoa mrija, imebaki. Ili itoshe pale waliondoa karibu kila kitu ambacho peismeka ya kawaida inacho. Haina kompyuta ndani, haisikilizi moyo, saketi yake ina transista moja tu: umeme unajaa polepole kama maji yanavyojaa kwenye chombo kilichoegemezwa, ukifika kiwango fulani unamwagika wote mara moja, hilo ndo pigo, alafu unaanza kujaa upya. Betri ni ndogo mno haiwezi kumaliza mimba, kwa hiyo inachajiwa kutoka nje kwa koili inayowekwa kwenye tumbo la mama, bila waya wowote kupita.

Waliipima kwa wanyama, sungura wakubwa na wanakondoo walio tumboni, na hapa ndo utaona kwa nini mnyama bado anahitajika hata baada ya miaka yote hii. Toleo la mwanzo lilikuwa kitu kimoja kigumu kilichonyooka. Kwenye meza ya fundi lilifanya kazi vizuri. Ndani ya mwanakondoo moyo unaenda huku, ukuta wa kifua unaenda kule, mtoto naye anafanya mazoezi ya kupumua, kile kijiti kigumu kinavutwa pande zote na ile skrubu inachomoka kwenye msuli. Wakalibadilisha, wakaweka kipande cha waya laini kati ya ncha na mwili wa kifaa, ili ncha icheze na moyo na mwili wake ukae umetulia kifuani. Kosa la namna hiyo huwezi kulijua kwenye karatasi, na usingependa ulijue kwa mara ya kwanza kwa mtoto wa mtu.

Lipo jambo jingine ambalo hata hiyo ndogo haijalimaliza. Inapigisha vyumba vya chini tu. Vya juu vinaendelea na mwendo wao, kwa hiyo yale mapigo ya kugonga mlango uliofungwa niliyokueleza yanapungua lakini hayaishi. Kwa mtu mzima tunaweka waya mbili, juu na chini, zinaongea. Kwa moyo wa ukubwa wa zabibu, waya wa pili ni ndoto kwa sasa. Naamini mtoto aliyewahiwa kabla hajavimba atafaidika hata bila hiyo, ila huyo ambaye ameshajaa maji sijui kama tutamvuta kwa waya mmoja, na nadhani tutamkosa tukiendelea kumngoja afike huko.

Na hiyo inanirudisha kwa mtoto wenu wa kwanza. Alikuwa na 54, hakuvimba, akafika. Watoto wengi wenye bloku ambao moyo wao umeumbwa vizuri na hawana haidropsi wanafika kuzaliwa bila kuguswa, na wengi wao wanawekewa peismeka baadaye kama alivyowekewa yeye. Kama tungemchoma sindano moyoni wiki ya 23 kwa sababu tu namba inatisha, tungeweza kumuua mtoto ambaye angeishi. Mlipoambiwa msubiri hamkutelekezwa, ilikuwa ni mizani, na upande wa kusubiri ulikuwa mzito zaidi.

Sasa mimba hii. Kwanza muulize mdogo wako kama anatumia dawa ya haidroksiklorokwini na alianza lini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwa akina mama walioshapata mtoto mwenye bloku, waliopewa miligramu 400 kwa siku kuanzia kabla ya wiki ya 10, bloku ilijirudia kwa asilimia 7.4, wakati ilitarajiwa karibu 18. Kama bado hajaanza asijianzishie mwenyewe kwa vidonge vya mtu mwingine, aongee na daktari wake wiki hii hii, sio kliniki ijayo.

Pili, kuanzia wiki ya 16 au 18 hadi 26 moyo wa huyu mtoto utazamwe mara kwa mara, sehemu nyingi ni kila wiki au kila wiki mbili, na watazame ule muda kati ya vyumba vya juu kupiga na vya chini kuitika, wasiishie kuhesabu mapigo tu. Tatizo ni kwamba mtoto anaweza kutoka kwenye moyo mzima hadi bloku kamili ndani ya saa zisizofika 24, kwa hiyo miadi ya wiki inaweza kumpita. Ndo maana siku hizi kuna madaktari wanaowafundisha akina mama kusikiliza wenyewe nyumbani kwa dopla ndogo ya mkononi, mara mbili tatu kwa siku. Ukishazoea ule mwendo wa 140 unajua kabisa siku umebadilika, unasikia unaruka, au umekatika ukawa mzito. Akisikia hivyo aende siku hiyohiyo hata kama ni usiku, kwa sababu bloku ambayo bado haijakamilika ndo pekee ambayo dawa zinaweza kuwa na nafasi nayo, na hata hapo madaktari bado tunabishana. Ikishakamilika hamna dawa inayoirudisha nyuma, zile za kuongeza mapigo kama salbutamoli zinasogeza kidogo tu.

Muombe akufundishe na wewe kusikiliza, asiwe peke yake kwenye hizo wiki.